Oda inakwama wapi? Kuchagua mchoro wa kazi

Kabla ya kuchora utaratibu wa duka la jumla la Kariakoo, muulize mwenye duka anataka kujua nini. "Mfanyakazi mpya afuate hatua zipi?" na "Mbona mizigo inachelewa?" ni maswali mawili, na hayajibiwi na mchoro mmoja.

Kwa kazi ya mtu mmoja, kama kufunga hesabu za jioni, chati mtiririko inatosha: mstatili kwa kitendo, almasi kwa uamuzi.

Oda ya mteja wa mkoani ni habari nyingine. Muuzaji anaipokea WhatsApp, keshia anahakiki malipo ya simu na kutoa risiti ya EFD, mtunza stoo (stoo yenyewe mara nyingi iko mtaa wa pili) anatoa mzigo, mwenye guta anaupeleka kwenye basi. Hapo chora safu, kila mhusika na yake. Mshale unaovuka safu ni makabidhiano, na ucheleweshaji mwingi hujificha hapo. Kwa kila mshale uliza: anayepokea anajuaje kuwa kazi imemfikia? Ukijibiwa "huwa tunaitana tu", umeshapata pa kuanzia.

Usichore unayosimuliwa ofisini. Meneja ataapa kwamba mzigo hautoki bila risiti. Nenda kasimame stoo Jumamosi asubuhi uone. Fuata oda 10, uandike saa iliyofika kwa kila mtu, saa aliyoanza kuishughulikia na saa iliyomtoka.

Saa hizo ndizo chakula cha ramani ya mtiririko wa thamani, mbinu yenye asili yake Toyota. Chini ya kila hatua huandikwa muda wa kazi na muda wa kungoja. Tuseme oda imechukua saa 4, na katika hizo imeshughulikiwa dakika 24 tu: kazi ni asilimia 10. Kumhimiza keshia hakutasaidia kitu. Ila usichanganye oda za katoni 2 na za katoni 200, wastani utakudanganya.

BPMN, lugha sanifu ya alama za kuchora michakato ya kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka 2011, ina alama nyingi mno kwa watu wa dukani. Itumie pale mfumo unapokwenda kuandikiwa programu, maana inaweza kueleza hata malipo yasipoonekana ndani ya dakika 30 kifanyike nini. Angalia almasi zake: yenye X hufungua njia moja tu, yenye + hufungua zote. Ukitenganisha kwa X kisha ukaunganisha kwa +, mfumo utangoja tawi ambalo halikuanza kamwe, na oda itaganda hapo bila hata ujumbe wa hitilafu.