Folda tupu baada ya umeme kurudi: anzia kwenye diski, Samba baadaye

Kila msimu wa mvua hapa Lubumbashi napata ujumbe wa aina moja, hasa kutoka kwa wapiga picha wa harusi wa mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo na Bel-Air. Umeme ulikatika, ukarudi, seva ya Linux pale nyumbani ikawaka. Folda ya picha inafunguka kwenye kompyuta zote, lakini ndani hamna kitu. Wengi wanaponipigia wameshaichokonoa smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, wamebadilisha hiki na kile. Papa, mama, nawaomba sana: faili hiyo iacheni kwanza. Samba, programu inayozifungulia kompyuta nyingine folda za seva, ni mlango tu. Mlango ukifunguka ukakuta chumba kitupu, usihangaike na kitasa.

Amri ya kwanza ni hii: findmnt /srv/picha (weka njia ya folda yako). Isipojibu chochote, ujue diski ya nje haijapachikwa (mount), yaani haijaunganishwa na folda hiyo, na unachokiona ni folda tupu ya diski ya mfumo. Picha zenyewe mara nyingi ziko palepale zilipokuwa.

Ila hatari ndiyo inaanzia hapo. Walio nyumbani hawajui, wanaendelea kumimina picha za Jumamosi kwenye folda ileile, nayo inapokea bila kulalamika. Diski ndogo ya mfumo inaanza kujaa. Kisha fundi anakuja, anapachika diski ya nje, picha za zamani zinarudi na zile mpya zinatoweka. Hazijafutwa, zimefunikwa. Andika mount --bind / /mnt, halafu tazama ndani ya /mnt/srv/picha. Utazikuta huko chini. Zinakili mahali salama kabla ya jambo lingine lolote, tena usikubali mtu aweke mfumo upya kabla hujatazama. Kazi ya bibi harusi haipigwi mara ya pili.

Kwa nini diski haikupachikwa? Sababu ninayoikuta zaidi ni mstari wa /etc/fstab, faili inayoiambia seva ipachike diski zipi ikiwaka, ulioandikwa /dev/sdb1. Jina hilo si la kudumu: ukiwasha seva ikiwa na flashi mbili zimechomekwa, sdb ya jana inaweza kuwa sdc leo. Tumia UUID, namba ya utambulisho ya diski yenyewe, inayotolewa na amri ya blkid. Ongeza nofail ili seva iendelee kuwaka hata diski ikikosekana, lakini elewa kwamba nofail hiyohiyo ndiyo inayoiacha Samba ifungue folda tupu. Kwa hiyo mimi huweka vizuizi viwili. Diski ikiwa haijapachikwa, napiga chattr +i /srv/picha. Tangu hapo hakuna anayeweza kuandika kwenye folda tupu, hata root, msimamizi mkuu. Halafu kwa systemctl edit smbd (smbd ndiyo huduma ya Samba) naongeza chini ya [Unit] mstari RequiresMountsFor=/srv/picha. Diski isipopatikana, Samba haiwaki kabisa. Ni afadhali mtu aone kosa kuliko aone folda inayomdanganya.

Sababu ya pili ni diski ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, iliyozimika ghafla. Kiendeshi cha ntfs3, kilichoingia kwenye kernel (kiini cha Linux) 5.15 mwaka 2021, hukataa kupachika diski yenye alama kwamba haikufungwa vizuri. Ipeleke kwenye kompyuta ya Windows, uiendeshee chkdsk /f, ndipo uirudishe. Ukipata nafasi ya kuhamisha data, igeuze iwe ext4, mfumo wa faili wa Linux. Jarida lake, yaani daftari lake la mabadiliko, linastahimili zaidi umeme wetu wa kwenda na kurudi.

Kama diski ipo na bado mtu anakataliwa, hapo tunazungumza ruhusa. Neno la siri la Samba ni tofauti na la Linux, huwekwa kwa smbpasswd -a. Na kila folda iliyo njiani lazima impitishe mtumiaji, siyo ile ya mwisho peke yake. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za /home zina ruhusa 750, yaani watu wengine hawaingii, basi picha zilizo ndani ya folda ya baba hazifikiwi na mtoto hata smb.conf iseme nini. Amri ya namei -l hukuonyesha njia yote hatua kwa hatua. Naipenda kuliko zana nyingine yoyote ya kazi hii.

Mtandao ni mwepesi kupima. Kwenye seva yenyewe andika smbclient -L localhost -U jina lako. Ikijibu hapo na kompyuta nyingine haifiki, angalia kama bandari 445, anayotumia Samba, iko wazi kwenye fayawoli, na uangalie kama rauta ilipowaka upya haikuipa seva anwani nyingine ya IP. Itengee anwani moja huko kwenye rauta.

Ukiwa na skana au televisheni ya zamani inayodai SMB1, toleo la zamani la lugha ya mtandao ya Samba, usiifungue SMB1 hiyo. Samba iliizima kwa chaguo-msingi katika toleo 4.11 mwaka 2019, miaka miwili baada ya kirusi cha WannaCry kupenya kwenye Windows kupitia SMB1. Televisheni iwekee minidlna, programu ya kurusha picha na video kwa televisheni, itasoma picha na video bila kugusa Samba. Skana itumie FTP kwenye folda yake ya peke yake, nje ya /srv/picha.