Teksha si mchanga

"Mwalimu, picha imekaa bapa, niongeze mchanga?" Wiki hii wanafunzi wangu wa uchoraji wameniuliza hivyo mara tatu, wakitafuta teksha, yaani jinsi uso wa kitu unavyoonekana au kuhisika, kama ni laini au una mikwaruzo. Mwanafunzi mwingine hakuuliza. Alikuja na hadibodi aliyoipaka gundi nyeupe na mchanga wa Coco Beach. Mwezi mmoja wa masika ukapita, rangi yote ya bluu ya picha ikafunikwa na unga mweupe, na pembeni chembe zinadondoka ukizigusa. Unga ule ni chumvi. Mchanga wa baharini unayo, nayo inavuta unyevu. Kama ni lazima utumie mchanga, chukua wa mto, uoshe mpaka maji yatoke safi, uanike, uchekeche.

Ila nasema tena: teksha si unene. Laza karatasi nyembamba juu ya ungo, usugue kwa ubavu wa kipande cha mkaa. Ususi wote unatokea, wakati karatasi yenyewe ni laini vilevile. Mchoraji Max Ernst alianza kufanya hivyo mwaka 1925, akisugua penseli juu ya karatasi alizolaza kwenye mbao za sakafu, ndiyo frotaji. Kwangu hakuna anayeshika brashi kabla hajaniletea frotaji kumi za vitu vya nyumbani kwao: mkeka, kikapu, kandambili, mlango.

Anayeongeza unene kwa pupa hupata nyufa. Akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, ikimwagwa nene hukauka juu kwanza, maji yanabaki ndani, na inaposinyaa baadaye uso unapasuka. Paka tabaka jembamba, likauke, ndipo upake jingine.

"Alama nzuri hutokea kwa bahati," wengine huniambia. Hapana, hutokea kwa muda. Ukitaka kukwangua kwa chanuo, rangi ya chini iwe imekauka kabisa. Paka ya juu, kisha subiri. Ukiwahi, mistari inajifunga nyuma ya meno ya chanuo. Ukichelewa, rangi inabanduka vipande vipande. Rangi ikishapoteza mng'ao wa maji lakini kidole bado kinaacha alama, kwangua. Kwa joto la Dar dakika hizo ni chache, kwa hiyo zima feni! Kila siku nazima feni ya mtu.

"Tingatinga haina teksha kwa sababu ni laini." Rangi zile za baiskeli, alizotumia Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa uchoraji, mwishoni mwa miaka ya 1960, kweli hulala laini na kung'aa. Lakini tazama madoa ya chui na manyoya ya ndege: ni nukta na mistari iliyopangwa kwa ukaribu tofauti. Jicho linahisi manyoya bila mkono kugusa kitu.

"Akriliki inakaa juu ya rangi yoyote." Juu ya rangi ya mafuta haishiki, itabanduka. Anza na akriliki, ikauke, mafuta yaje juu.

Na vifaa vya bei? Si lazima, hivi vinatosha: gunzi la muhindi, chelewa za ufagio, kadi ya simu iliyokwisha. Njoo navyo Jumamosi.