Rolo mbichi za Vietnam: dhana potofu na ukweli

"Ni kama sambusa, lazima ziingie kwenye mafuta."
Zinazokaangwa ni chả giò. Rolo mbichi ni gỏi cuốn, chakula cha kusini mwa Vietnam ambacho hakipiti kwenye mafuta kabisa, na jina lake linajieleza: gỏi ni saladi, cuốn ni kuviringisha. Wala kuitwa mbichi hakuna maana kwamba nyama haijapikwa. Kamba huchemshwa dakika mbili hivi, mpaka wawe na rangi ya waridi na kujikunja, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu. Nyama ya tumbo ya nguruwe huchemshwa ikaiva kabisa, halafu hukatwa vipande vyembamba. Asiyekula nguruwe aweke kuku wa kuchemsha au tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa).

"Loweka karatasi ya mchele kwenye maji ya moto mpaka ilainike."
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Karatasi hiyo, bánh tráng, ndiyo inayofunga rolo na huliwa nayo; ni wanga uliokaushwa. Mara nyingi unga wa mchele umechanganywa na wanga wa muhogo. Huendelea kunyonya maji hata ukishaitoa bakulini. Ukingoja ilainikie majini, ukiitandaza inageuka gundi: inanata vidoleni, inajikunja, inachanika.

Tumia maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Karatasi ya sentimita 22 izungushe majini sekunde 5 hadi 10, uitoe ingali ngumu kidogo, alama za chanja ya mianzi iliyoanikiwa zikionekana bado. Itandaze kwenye ubao wenye unyevu. Ubao mkavu huing'ang'ania. Ukimaliza kupanga majani, itakuwa imelainika yenyewe.

"Ukijaza sana ndiyo inanoga."
Ikijazwa sana hupasuka. Karatasi moja inatosha jani la saladi, gramu 20 hivi za tambi nyembamba za mchele (zichemshwe, zisuuzwe kwa maji baridi, zichujwe vizuri), vijiti vichache vya tango lililotolewa mbegu, vipande vichache vya ile nyama, na majani ya nanaa na giligilani bila ubahili. Majani hayo si pambo. Bila harufu yake unatafuna tambi tu. Yakaushe kwanza, maana maji yanayobaki ndiyo yanayotoboa karatasi kwa ndani.

Panga lundo kwenye theluthi ya chini. Funika kwa ukingo wa karibu nawe, livute kwa vidole likaze, kunja pande mbili kuelekea katikati. Sasa laza mbele yake nusu tatu za kamba waliopasuliwa kwa urefu, mgongo mwekundu ukiwa chini, kisha malizia kuviringisha. Wekundu huo utaonekana kwa nje.

"Ni chakula cha afya, chovya utakavyo."
Rolo yenyewe ni nyepesi. Chumvi iko kwenye kibakuli cha sosi ya kuchovea. Kijiko kimoja kikubwa cha mchuzi wa samaki (majimaji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi) kina takriban miligramu 1,400 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Kwa watu wanne changanya kijiko 1 cha mchuzi huo, 1 cha sukari, 1 cha ndimu na 4 vya maji, pamoja na kitunguu saumu na pilipili zilizokatwakatwa. Sosi ya karanga nayo hutengenezwa kwa hoisin, sosi nzito ya Kichina ya soya, yenye sukari na mara nyingi ngano. Asiyekula ngano asome lebo, hata kama karatasi ni ya mchele.

"Viringisha usiku, weka kwenye friji, kula kesho."
Wanga ukikaa kwenye baridi hukakamaa. Asubuhi karatasi ni ngumu kama ngozi na imepasuka. Andaa vya ndani mapema, viringisha wakati wa kula. Zikilazimika kungoja saa moja, zifunike kwa kitambaa kibichi na zisigusane, la sivyo zitashikana na kuchanana. Familia nyingi za Vietnam hata haziviringishi jikoni: vitu vyote huletwa mezani pamoja na bakuli la maji, kila mtu akajiviringishia yake na kuila papo hapo.