Kwa nini ukila mboga za kijani hugeuki kijani?

Mtu akila bitiruti jioni, asubuhi anaweza kushtuka chooni akidhani anakojoa damu. Akila karoti nyingi kila siku kwa wiki kadhaa, viganja na nyayo huanza kupata rangi ya chungwa. Ila mla majani hata ayale asubuhi na jioni, kijani hakimtokei kwenye ngozi wala kwenye mkojo. Rangi zote hizi hupita mdomo mmoja, lakini huko ndani kila moja ina njia yake.

Tuanze na karoti. Rangi yake, beta-karotini, haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta. Tena imefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli, ndiyo maana vipande vya karoti mbichi isiyotafunwa vizuri huonekana chooni vikiwa na rangi yao. Moto hulegeza kuta hizo, na mafuta kidogo ya kupikia huibeba rangi. Ikifika utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo mno, na rangi husafiri humo hadi kwenye seli za ukuta wa utumbo. Hapo kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, huikata molekuli moja katikati, zikapatikana mbili za kutengenezea vitamini A. Mwili ukiwa na vitamini ya kutosha, ukataji hupunguzwa. Ile isiyokatwa hupitia limfu, majimaji ya mwili yenye mishipa yake, huingia kwenye damu, na ikizidi hujikusanya kwenye ngozi nene ya viganja. Haina madhara, na weupe wa macho haubadiliki. Macho yakiwa ya manjano, usiilaumu karoti, nenda ukapimwe ini.

Rangi ya bitiruti huyeyuka kwenye maji. Nyingi huharibiwa tumboni na utumboni; kidogo kinachopenya huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Si kila mtu humtokea, na wenye upungufu wa madini ya chuma huwatokea zaidi. Zambarau ya zabibu nayo hufyonzwa kidogo sana. Sehemu kubwa hufika utumbo mpana, ambako bakteria huivunjavunja kuwa asidi ndogo zisizo na rangi, na hizo ndizo huingia kwenye damu.

Na kijani? Klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ina chembe ya magnesi katikati yake. Asidi ya tumbo huing'oa, na kijani hufifia kuwa hudhurungi, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Kinachofyonzwa ni kidogo mno; kingine chote hutoka na choo.

Lakini jani lina rangi nyingine zilizofichwa na huo ukijani. Beta-karotini imo, na imo luteini, ya manjano, ambayo nayo husafiri na mafuta kama ile ya karoti. Sehemu yake huishia nyuma ya jicho, katikati ya retina, utando unaopokea mwanga, mahali tunapotumia kusomea maandishi madogo. Pale hujikusanya hadi pakawa na doa la manjano, linalopunguza mwanga wa buluu kabla haujazifikia seli za kuonea.