Sauti za wengi humficha asiyejua kusoma

Kaa nyuma ya darasa la pili wakati mwalimu anapita na fimbo ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Watoto 60 wanaitikia, na ukisikiliza utaapa kuwa wote wanasoma. Sasa sogea dawati la mwisho. Yupo anayeimba kuwashinda wenzake huku macho yake yako dirishani. Mpe kitabu, atakumalizia ukurasa bila kukwama, kidole kiko kwenye "ugali", mdomo unasema "anapika". Amekariri.

Mtoto huyu huitwa mzito. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, hodari wa hesabu, ambaye hata jina lake alilichanganya herufi. Mwalimu wake alisema masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana angewapita wote shuleni. Hiyo ndiyo disleksia, shida ya kujifunza kusoma na kuandika isiyotokana na upungufu wa akili. Zamani ilidhaniwa ni ugonjwa wa macho. Tafiti zimeonyesha kwamba kwa wengi tatizo liko katika kuzitenga sauti ndogondogo zinazounda neno. (Kugeuza b kuwa d si dalili peke yake, karibu kila anayeanza kuandika hugeuza.)

Kiswahili kina msaada wake na mtego wake. Herufi zetu hazigeuki: a ni a popote. Katika lugha za namna hii, kama Kijerumani na Kiitaliano, watafiti wamekuta mtoto mwenye disleksia mara nyingi husoma kwa usahihi, ila polepole mno. Sisi walimu tumezoea kuhesabu makosa, kwa hiyo asiyekosea tunampitisha. Lakini aliyehangaika na "walipokutembelea" nusu dakika nzima, akifika kwenye nukta ameshasahau nani alimtembelea nani.

Basi mwite mmojammoja mezani, dakika moja tu, na umpe maneno ya kubuni: teku, njifa, mwefi. Hayo hayakaririki. Ukiwaita watano kwa siku, darasa la 60 litaisha kwa siku 12 za masomo.

Utakaowagundua, anza nao mdomoni kabla ya chaki. "Sema paka. Toa p, weka t." Taka. "Weka s." Saka. Wakishazoea, waandike herufi huku wakitamka sauti yake, na ukae muda mrefu kwenye mb, nd, ny, na hasa ng ya ngoma dhidi ya ng' ya ng'ombe. Maneno marefu yaandike kwenye kipande cha karatasi, ukunje: wa-li-po-ku-tembelea. Vipande hivyo mtoto anavitumia kila siku akiongea, na atavikuta tena kwenye "walipokuona" na "walipokuita". Akivitambua kwa jicho moja, kasi inaanza kupanda.

Itachukua miezi. Wakati huo usimsimamishe asome mbele ya wenzake, na kwenye jaribio la sayansi msomee swali. Unapima kama anajua mmea unahitaji nini, na hilo huenda analijua kuliko wote.