Hakuna somo lenye alama za bure

Katika mtihani wa utumishi wa umma wa India, mtahiniwa huchagua somo moja la hiari kati ya 48, na wengi huanza kwa kuuliza: lipi lina alama za bure? Halipo. Imani hiyo hutokana na kuwatazama waliofaulu peke yao. Somo likichukuliwa na maelfu, lazima litoe washindi wengi. Walioanguka nalo hakuna anayewahesabu. Linganisha waliofaulu na wote waliolifanya, ndipo utaona.

Uzito wake si mdogo: karatasi mbili za alama 250 kila moja, yaani 500 kati ya 2,025 ukijumlisha usaili. Utaishi na somo hilo miezi mingi. Mhandisi halazimiki kuchukua uhandisi, ila kukimbilia sosholojia kwa kuwa tu mtaala wake ni mfupi, huku huipendi, ni kujitesa bure, nami nimeumia kuona watu wakifanya hivyo. Tafuta maswali ya miaka iliyopita, ujibu mawili matatu kwa mkono kabla ya kuamua. Jiografia na historia zina faida nyingine: sehemu ya mada zake hurudi kwenye karatasi za maarifa ya jumla.