Soketi Moja Jikoni: Hesabu Wati Kabla ya Kuchomeka

Nyumba nyingi kongwe za Mji wa Kale, huku Pwani ya Kenya, zilitiwa stima wakati jikoni palitosha taa moja. Leo friji, blenda ya kusagia nazi, maikrowevu na birika la stima vyote vinang'ang'ania soketi ile ile kando ya mlango, na dawa ya haraka huwa ekstensheni. Lakini ekstensheni huongeza matundu tu. Waya ulio ukutani unabaki ule ule.

Anza na hesabu. Stima yetu ni volti 240, na fyuzi kubwa ya plagi ya pini tatu bapa ni ampea 13. Zidisha: wati 3,120. Hapo ndipo mwisho wa ekstensheni nzima, hata ikiwa na matundu sita. Sasa soma vibandiko vya vifaa vyako. Birika huvuta wati 2,000 hadi 2,200. Maikrowevu iliyoandikwa 700 mbele huvuta kama 1,100 au 1,200, kwa kuwa ile 700 ni nguvu inayofika kwenye chakula. Blenda ni 350 hadi 600. Friji ya kawaida ni 100 hadi 200 ikishatulia, ila mota yake inapoamka huvuta mara kadhaa zaidi kwa kitambo kidogo. Birika na maikrowevu peke yake zinafika kikomo au kukipita, na saa ya kuandaa futari ndipo zinapowashwa pamoja.

Usitegemee fyuzi ikuokoe hapo. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kuvumilia karibu ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika, na muda wote huo waya mwembamba unaiva. Kwa hiyo shika kanuni hii: kifaa cha kutoa joto (birika, pasi, ekafraya, jiko la koili) kiwe kimoja kwa wakati, tena kichomekwe ukutani moja kwa moja. Friji nayo ipewe soketi yake.

Pwani tuna adui mwingine, chumvi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, na hewa ya bahari huingia hadi ndani ya soketi. Shaba hufanya kutu ya kijani, skrubu hulegea, na mahali waya unapounganishwa pakawa pazito kupitisha mkondo. Uzito wa nusu omu (omu ni kipimo cha ukinzani wa mkondo) unaonekana kitu kidogo, lakini birika linalovuta ampea 9 litazalisha hapo wati 40 za joto (9 × 9 × 0.5). Ni kama kufungia balbu ya wati 40 ndani ya kisanduku cha plastiki. Breka haitashtuka, kwa sababu mkondo wenyewe haujazidi. Dalili utaziona kwanza kwenye plagi: pini zimeingia weusi, uso wa soketi una rangi ya chai, au plagi ni ya moto baada ya kuchemsha maji mara moja. Harufu nayo huwadanganya watu. Plastiki ya soketi ikiungua mara nyingi hunuka kama samaki, na jikoni kwetu nani atashangaa? Ukiisikia siku ambayo hakuna samaki, zima meinswichi umwite fundi. Soketi hiyo haisafishwi, hubadilishwa.

Kuna pia tabia ya kutia kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Acha kabisa. Pini hizo za duara hazikamatwi vizuri, hutoa cheche, na hulegeza vibano hata plagi halali ikija baadaye haikai sawa.

Hatari iliyojificha zaidi ni soketi iliyovutwa kutoka laini ya taa. Laini hiyo kwa kawaida ni waya wa milimita 1.5 za mraba na fyuzi ya ampea 5, yaani wati 1,200. Birika likiwashwa fyuzi inakatika, na mtu anaifunga kwa uzi mnene wa shaba. Tangu hapo kinachoungua ni waya ulio juu ya boriti. Fyuzi au breka hufuata unene wa waya, haifuati njaa ya kifaa.

Ukilazimika kununua ekstensheni, soma maandishi kwenye kebo yenyewe: 3 × 1.5 (nyaya tatu za milimita 1.5 za mraba) kwa vifaa vya joto. Ya 0.75 iachie chaja na redio. Ikunjue yote, usiipitishe chini ya mkeka wala kando ya sinki.

Tiba ya kweli ni laini mpya kutoka kisanduku cha breka, kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya): waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 20, soketi mbili pacha, sentimita 30 au zaidi kutoka ukingo wa sinki. Unapata wati 4,800. Mimi hupendelea waya upite kwenye mfereji wa plastiki juu ya ukuta. Kuchimba matumbawe kunabomoa chokaa na kuufungia waya kwenye unyevu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Waya wa ardhi upimwe, usidhaniwe kuwa upo.

Mwambie fundi pia aweke RCD (swichi ya usalama inayokata stima ikivuja) ya miliampea 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila miezi mitatu. Ikianza kukata ovyo, usikubali iondolewe. Chomoa kila kitu, iwashe, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni koili ya birika iliyopasuka au friji iliyoingia maji. Ikikata hata vyote vikiwa nje, huenda uvujaji uko ukutani.